Usimwambie Daktari "Sijambo"

Hotuba hii niliitoa Jumamosi jioni kwenye mkutano wa jumuiya yetu hapa Minnesota. Wengi mliniandikia kwamba mlikuwa zamu, basi naiweka yote kama nilivyoisema. Picha nilizoonyesha ukutani nimeziacha.

Wazee wetu, kina mama, kina baba, na ninyi vijana mliotoka kazini moja kwa moja na bado mna yunifomu: Bwana asifiwe, na asalaam aleikum. Hamjambo?

(Ukumbi: Hatujambo!)

Mmejisikia mlivyojibu? Pale safu ya tatu namwona dada yangu, mkono umening'inizwa kwa kitambaa shingoni, naye ndiye aliyeitikia "hatujambo" kwa sauti kuliko wote. Dada, hujambo kweli?

Usione haya, sote ndivyo tulivyolelewa. Mtu akija kukujulia hali unamjibu njema kwanza, kisha ndipo unasema: ila tulimzika mama wiki iliyopita. Kwetu hiyo ni adabu, na mimi sitaki tuiache. Lakini leo nimekuja kuwaambia kwamba neno hilo moja, "sijambo", likisemwa mbele ya daktari wa nchi hii, linaweza kukugharimu maelfu ya dola za fidia kama sindano ya chanjo imekuumiza bega. Mimi nusura linigharimu.

Nianze na bega langu.

Ilikuwa Oktoba, ule msimu ambao kila mwajiri wa kazi za wazee na wagonjwa anataka karatasi ya chanjo ya mafua. Nilikuwa nimetoka zamu ya usiku. Nikapita famasi iliyo njiani, foleni ndefu, macho mazito. Kijana akaniita. Sikukaa, nilisimama. Sikuvua sweta, nilivuta tu ukosi upande mmoja mpaka bega likatokeza juu. Nikampa mkono wa kulia kwa sababu wa kushoto ulikuwa umeshika pochi na funguo za gari. Naye alikuwa amesimama, mrefu kuliko mimi, sindano ikaja kutoka juu.

Ndugu zangu, mimi ni muuguzi. Nimechoma watu sindano Tanzania, nimewachoma hapa. Niliona kwa macho yangu kwamba anapolenga ni juu mno. Nikanyamaza. Kwa nini nilinyamaza? Kwa sababu ningeonekana najua sana. Adabu!

Jioni ile nikabandika maji ya ugali. Unga ukaingia, nikaanza kusonga, na mwiko ulipogeuka mara ya tatu au ya nne nikahisi kama mtu ameingiza msumari wa moto ndani ya kiungo. Si kwenye nyama pale sindano ilipoingia, ndani kabisa. Nikauhamishia mwiko mkono wa kushoto. Wanangu wakala ugali wenye mabuje, na wakasema. Kesho yake sikuweza kuvuta mkanda wa gari. Wiki ya tatu nilikuwa siwezi kumsuka binti yangu. Mwezi wa pili nilikuwa navaa sidiria kwa kuifungia mbele na kuizungusha. Kina mama mnacheka, lakini wapo humu wanaojua ninachokisema.

Sasa hebu kila mtu fanya hivi. Chukua mkono wa kushoto, uweke juu ya bega la kulia. Papasa mpaka upate ncha ya mfupa, pale bega linapokwisha na mkono unapoanza kushuka. Umeipata? Mzee, ni huko nje zaidi, hapo umeshika shingo. Sasa shuka vidole viwili, vitatu, chini ya ule mfupa. Ile nyama nene unayoigusa ndipo mahali pa chanjo. Juu ya hapo, chini tu ya mfupa, kuna kifuko chembamba chenye majimaji kinacholainisha kiungo ili mfupa usisuguane na mishipa ya msuli. Sindano ikipanda juu, dawa inaingia kwenye kifuko hicho. Mwili unafanya kile ambacho chanjo imeundwa kuuchochea ufanye: unapigana. Ila sasa vita vinapiganwa ndani ya kiungo, na kiungo kinavimba, kinauma, mwisho kinaganda.

Tuelewane vizuri hapa, kwa sababu najua kesho mtu atasema nimewaambia msichanjwe. Mimi nimewahudumia wazee msimu wa mafua, nimefunga macho ya watu. Kila mwaka nachanjwa. Tatizo la bega langu lilikuwa mahali sindano ilipoingia, na anayeketi vizuri, akavua nguo mpaka bega lote likaonekana, akachomwa na mtu aliyeketi kama yeye, hana sababu ya kuogopa.

Madaktari wawili waliliandika jambo hili mwaka 2006, na baada ya hapo visa vikaongezeka kwenye majarida. Hapa Marekani linaitwa SIRVA, kifupi cha Kiingereza chenye maana ya jeraha la bega linalotokana na kuchomwa chanjo. Likariri jina hilo, maana ukimwambia wakili "niliumizwa na sindano" atakuuliza maswali kumi, ukimwambia "SIRVA" atakuuliza tarehe.

Basi nani anayelipa?

Nilipoanza kulalamika, shoga yangu aliniambia: "Ukimshtaki yule kijana atafukuzwa kazi, naye huenda ana watoto." Nikaona kweli, nikaacha. Miezi ikapita nimeacha! Kumbe hashtakiwi. Mwaka 1986 Bunge la Marekani lilipitisha sheria, na tangu Oktoba 1988 uko mpango wa taifa wa fidia kwa walioumizwa na chanjo. Unaitwa VICP. Katika kila dozi ya chanjo zilizomo kwenye mpango huo inakatwa kodi ya senti 75 kwa kila ugonjwa ambao chanjo inaukinga. Ya mafua ni senti 75. Ile ya watoto ya surua, matubwitubwi na rubela ni magonjwa matatu, kwa hiyo dola 2 na senti 25. Fedha hizo zinaingia kwenye mfuko, na mfuko ndio unaolipa. Anayejibu madai yako mahakamani ni Waziri wa Afya, si muuguzi aliyekuchoma, wala famasi, wala kiwanda. Tena sheria hairuhusu ukimbilie kuwashtaki hao kwa madai yanayozidi dola 1,000 kabla hujapitia mpango huu.

Fikirini jambo hilo. Ni wangapi humu tumepeleka watoto kuchanjwa? Ni wangapi tumechanjwa kila Oktoba kwa sababu ya kazi? Kila dozi ilikuwa na kodi yake. Mfuko upo, nasi tunauonea haya kama tunaomba chumvi kwa jirani.

Maombi yanafunguliwa katika Mahakama ya Madai ya Shirikisho, iliyoko Washington. Usiogope, mimi sijawahi kukanyaga huko. Mambo yangu yote yalikwenda kwa kompyuta na simu. Kesi zinasikilizwa na waamuzi maalumu, na sheria inasema wasizidi wanane. Wanane kwa nchi nzima! Na zaidi ya nusu ya maombi ya miaka ya karibuni ni ya mabega. Kwa hiyo atakayekuambia utalipwa baada ya miezi mitatu anakudanganya. Hesabu miaka.

Mwaka 2017, mwezi Machi, bega liliingizwa rasmi kwenye jedwali la madhara ya chanjo. Maana yake nini? Ukitimiza masharti ya jedwali, sheria inachukulia kwamba chanjo ndiyo iliyosababisha, na mzigo wa kukanusha unakuwa wa serikali. Mwaka 2020 Wizara ya Afya ilitaka kuliondoa bega kwenye jedwali. Kanuni ikatolewa Januari 2021, ikafutwa Aprili mwaka huohuo kabla haijaanza kufanya kazi. Nalitaja hili ili mjue kwamba mlango huu si wa milele.

Masharti yenyewe ni haya. Bega lile liwe halikuwa na ugonjwa kabla ya chanjo ambao ungeeleza maumivu. Maumivu yaanze ndani ya saa 48. Maumivu na ugumu wa kunyanyua viwe kwenye bega lililochanjwa, basi. Pasiwe na sababu nyingine inayoeleza hali hiyo. Na juu ya hayo, athari zidumu zaidi ya miezi sita, au uwe umelazwa na kupasuliwa.

Sasa mnaona kwa nini nimeanza na "sijambo"?

Kuna mama mmoja, Mkongo, kazi yake kukata nyama kiwandani. Amenipa ruhusa nisimulie bila jina. Alikwenda kliniki wiki ya sita, bega limekufa. Kiingereza chake kidogo, wakampa mkalimani kwa simu. Daktari akauliza: maumivu yalianza lini? Mama akajibu kama ambavyo mimi na wewe tungejibu: "Tangu juzi juzi, pale walipotuchanja." Juzi juzi! Sisi sote tunajua juzi juzi inaweza kuwa wiki sita, inaweza kuwa miezi sita. Mkalimani akatafsiri: siku mbili zilizopita. Ikaandikwa. Na habari ya kuchanjwa haikuandikwa kabisa.

Daktari akauliza tena: kinauma nini? Mama akasema, "Mkono." Lugha yetu, wapendwa, mkono unaanzia begani unaishia kwenye kucha. Kwa Kiingereza hiyo ni sehemu mbili zenye majina mawili, na mkalimani akachagua ile ya chini. Kwenye faili la kwanza la mama yule imeandikwa kwamba kiganja kinamuuma kwa siku mbili. Wakampiga picha ya kiganja! Na alipoulizwa mwisho kama kuna lingine, akajibu: "Hapana, mengine sijambo, Mungu ni mwema." Ikaandikwa: mgonjwa hana malalamiko mengine.

Miaka miwili baadaye wakili wa serikali amelifungua faili lile. Unadhani atasoma moyo wa mama? Atasoma faili. Mahakama hii inaiamini sana karatasi iliyoandikwa karibu na siku ya tukio kuliko maneno unayokuja kuyasema baadaye. Mama yule hakushindwa moja kwa moja. Yalitafutwa maelezo ya mumewe, ya msimamizi wake wa kazi, ya binti aliyekuwa akimvisha. Lakini alisumbuka mwaka mzima zaidi kwa sababu ya maneno mawili ya Kiswahili.

Nikisema karatasi naona wengine mmeshtuka, mnafikiri nazungumzia uhamiaji. Hapana, hiyo nakuja.

Kwa hiyo ukienda kwa daktari, acha adabu mlangoni kama viatu. Taja tarehe: "Nilichanjwa Oktoba tarehe fulani, bega la kulia, maumivu yakaanza usiku uleule." Taja bega. Liguse kwa kidole. Sema usiloweza kufanya: siwezi kuvuta mkanda wa gari, siwezi kufikia kabati la juu, nalala upande mmoja. Akikuuliza maumivu ni ngapi kwa kumi, usiseme "kidogo" kwa kujikaza. Wala usizidishe, maana wanaona. Kisha mwombe akusomee alichoandika. Una haki ya kuona faili lako.

Mwingine ni ndugu yetu wa hapa hapa, anabeba maboksi kwenye ghala. Yeye alisema kila kitu sawasawa siku ya kwanza. Akapelekwa mazoezi ya viungo. Kila akienda analipa mfukoni kwa sababu bima yake haijaanza kuchangia, na kila akienda anakosa saa za ovataimu. Mwezi wa nne akaacha kwenda. Alikuwa amepona? Hapana! Anameza vidonge vya maumivu, ananyanyua kwa mkono mmoja. Lakini kwenye faili mgonjwa aliyeacha kuja ni mgonjwa aliyepona. Sheria inataka zaidi ya miezi sita, naye ana miezi minne. Miezi sita ile, jamani, angalau iwe na muhuri wa daktari mwishoni, hata kama ni kwenda mara moja tu kusema bado naumwa.

Hapo hapo niseme kuhusu tarehe, kwa kuwa ndiyo inayowaua wengi. Una miaka mitatu ya kufungua madai, kuanzia siku dalili ya kwanza ilipoonekana. Si siku uliyogundua jina la SIRVA, wala siku uliyosikia hotuba hii. Yuko mzee aliyenijia na bega la miaka mitatu na miezi miwili, na kila karatasi imo kwenye bahasha, safi kabisa. Nilimuuliza, baba, ulikuwa wapi? Akasema: "Mbona nilishapeleka taarifa serikalini!" Kumbe alijaza ile fomu ya VAERS. VAERS ni mahali pa kuripoti madhara ya chanjo ili wataalamu wafuatilie. Ni jambo jema, ripotini, lakini haifungui madai wala haisimamishi saa. Bahasha ya mzee ile mimi ndiye niliyemrudishia mkononi, na aliniambia asante.

Na chanjo ya Uviko? Naliona swali hilo usoni mwenu. Hiyo haimo kwenye VICP. Ina mpango wake, CICP, na ni mchungu: una mwaka mmoja tu tangu siku ya kuchanjwa, hakuna mahakama, wakili wako halipwi na mpango, na hawalipi maumivu, ila matibabu ambayo bima haikulipa na mshahara uliopotea. Chanjo ya mkanda wa jeshi, ile wanayopewa waliovuka miaka 50, nayo haimo kwenye VICP. Wala za safari ya nyumbani, homa ya manjano na taifodi, hazimo. Ya pepopunda imo, ya homa ya ini A na B zimo. Na kijana aliyeniuliza kama mama yake aliyechanjwa Mwanza anaweza kudai huku: hapana, mpango ni wa chanjo iliyotolewa ndani ya Marekani na maeneo yake, isipokuwa kwa watu wachache, kama wanajeshi wake walioko nje.

Sasa ile karatasi nyingine. "Mimi sina uraia, nikiidai serikali si nitajiharibia?" Sheria ya fidia haiulizi uraia. Inauliza ulichanjwa wapi. Wako humu waliochanjwa sindano tatu nne siku moja kwa ajili ya uchunguzi wa kupata grinikadi. Zile ambazo zimo kwenye mpango ni chanjo kama nyingine.

Na wakili? Hapa msikilize, maana kuna watu wataanza kuwapigia simu. Wakili wa kesi hizi analipwa na mpango, ushinde au ushindwe, ilimradi kesi ilifunguliwa kwa nia njema na ilikuwa na msingi. Haruhusiwi kuchukua hata senti kwenye fidia yako. Akikuambia atachukua theluthi kama kwenye ajali ya gari, chukua pochi yako uondoke.

Fidia ya maumivu ina kikomo cha dola 250,000, namba ileile tangu 1986, nyumba zimepanda bei yenyewe imekaa. Bega la kawaida halifiki huko. Unaongezewa mshahara uliopotea na matibabu uliyolipa mfukoni. Kesi nyingi zinaishia kwenye maridhiano. Yangu ilikwisha hivyo, na kiasi sikitaji, maana nina ndugu wengi. Ila mjue uamuzi unawekwa kwenye tovuti ya mahakama ukiwa na jina lako. Una siku 14 kuomba mambo ya siri ya ugonjwa yafichwe. Mimi nilipitisha hizo siku 14 nikiwa zamu, kwa hiyo mwenye hamu na bega langu akasome.

Bega lenyewe? Limerudi, si lote. Walinichoma sindano ya kutuliza uvimbe, nikafanya mazoezi ya viungo miezi tisa, nikitambaza vidole ukutani kama mtoto anayechora. Ugali nausonga. Kumsuka binti nimechelewa, amejifunza kujisuka mwenyewe.

Mimi si wakili, na hapa mbele sitoi ushauri wa kesi ya mtu. Lakini nimekuja na nakala za orodha ya chanjo zilizomo, na dada wawili waliokubali kutafsiri watakaa meza ya kushoto, karibu na birika la chai. Kama una kadi ya chanjo mfukoni au kwenye simu, itoe sasa uangalie tarehe. Anayekaribia miaka mitatu apite mbele ya foleni, mbele ya kila mtu, hata mbele ya wazee. Wazee mtatusamehe. Na wewe dada wa safu ya tatu, njoo wa kwanza.